MAZOEA: NI NGUZO AU NI PINGU?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mazoea yana taabu. Lakini wahenga haohao walisema pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Sasa mpenzi msomaji, tushike lipi tuache lipi? Methali ya kwanza yatuonya juu ya yale tuliyoyazoea, na ya pili yatuonya tusiyatupe ovyo. Katika makala haya nitajaribu kueleza mazoea ni kitu gani, huingiaje katika akili ya mtu, yapi ni nguzo ya kuegemea na yapi ni pingu za kukatwa. Mifano mingine nitaichukua hapahapa Kianjai na mingine ng'ambo, kwani jambo hili halichagui kabila wala nchi.

MAZOEA NI KITU GANI?

Hebu kwanza tumtazame punda. Hapa kwetu punda ni gari, ni mfereji na ni msaidizi wa mama. Ukimpeleka punda kuteka maji asubuhi kwa asubuhi, baada ya majuma kadhaa huna haja ya kumshika kamba. Atafuata njia peke yake, afike penye maji, asimame palepale anaposimama kila siku na kungoja mitungi. Sasa ngoja siku ya soko ifike, umbebeshe gunia la maharagwe umpeleke sokoni. Akifika njia panda atakata kona ya kwenda majini! Utamchapa bure. Hakukusudia ukaidi, ni mazoea tu yanayomwongoza.

Binadamu hapendi kufananishwa na punda, lakini tuseme ukweli. Kengele ya mapumziko ikilia, ni nani huketi kwanza akajiuliza aelekee wapi? Miguu huanza yenyewe safari ya kwenda kununua mandazi. Wataalamu wa elimu ya nafsi hueleza kwamba kila zoea lina sehemu tatu: ishara, kitendo na tuzo. Kengele ni ishara, kutembea ni kitendo, na andazi la moto ndilo tuzo. Mambo haya matatu yakifuatana mara nyingi, hushikana kama viungo vya mnyororo. Hata ukisikia kengele tu, mate yameshaanza kukutoka.

Mwanasayansi mmoja wa Marekani aitwaye Ann Graybiel, wa chuo cha MIT, pamoja na wenzake wamechunguza jambo hili kwa kutumia panya tangu miaka ya 1990. Walimtia panya katika kijia chenye umbo la herufi T na kumwekea chokoleti upande mmoja. Mwanzoni, sehemu ya ndani ya ubongo wa panya inayohusika na mazoea ilishughulika njia nzima, kwa sababu kila hatua ilikuwa ngeni. Lakini panya alipoizoea njia, sehemu hiyo ilishughulika sana mwanzoni na mwishoni, na katikati ikatulia. Ni kama ubongo ulisema, "Hii naijua, amka tukifika." Isitoshe, waligundua kwamba tuzo ikiondolewa zoea hufifia, na tuzo ikirudi zoea hurudi mbio. Kwa hivyo zoea halifi, hulala tu. Ndiyo maana aliyeacha jambo baya kwa mwaka mzima akilionja mara moja, hushangaa kujikuta palepale alipokuwa.

Kabla ya Graybiel kulikuwa na William James, Mmarekani pia, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya elimu ya nafsi mwaka wa 1890. Alieleza kwamba mambo madogo ya kila siku tukiyaachia mazoea, akili hupata nafasi ya kufikiria mambo makubwa. Fikiria lau ungelazimika kila asubuhi kujifunza upya jinsi ya kufunga kamba za viatu! Ungefika shuleni saa ngapi? Kwa hivyo mazoea si adui. Ni mtumishi ambaye Mungu ametupa. Taabu huanza mtumishi anapokuwa bwana.

MAZOEA YALIYO NGUZO

Sisi tunaosoma shule ya kutwa tunahitaji utaratibu kuliko wenzetu wa bweni. Huenda mtu akadhani ni kinyume, basi na tupige hesabu. Mwanafunzi wa bweni ana kengele ya kumwamsha, ya kumlisha, ya kumsomesha na ya kumlaza. Sisi tukifika shuleni saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni, hizo ni saa 8 tu kati ya saa 24. Saa 16 zinazobaki hazina kengele. Ni za barabara, za kuni, za maji, za ng'ombe, za jikoni na za usingizi. Nyumbani hakuna mwalimu wa zamu. Kengele ya huko lazima mtu ajitengenezee mwenyewe.

Mwanafunzi aliye na utaratibu anajua kwamba akishafunga ndama na kuleta kuni, kitabu kinafuata kabla ya chakula cha jioni. Hajiulizi, "Je, leo nisome au nisisome?" Swali hilo ndilo adui mkubwa. Ukiliuliza kila siku, ipo siku jibu litakuwa la, na kesho yake litakuwa la kwa urahisi zaidi. Utaratibu unakuondolea swali.

Faida ya utaratibu tuliiona wakati ulipotoweka. Mwezi wa Machi mwaka wa 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wengi wetu tulikuwa wadogo wa darasa la tano. Siku za kwanza zilikuwa furaha tupu, ati likizo imeletwa mapema. Lakini wiki ziligeuka miezi, na wanafunzi wote kwa jumla hawakurudi darasani hadi tarehe 4 Januari 2021. Walimu wanakumbuka vizuri hali tuliyorudi nayo. Kuna waliosahau meza ya kuzidisha, kuna walioshindwa kuketi kwa dakika arobaini, na kuna wengine ambao hawakurudi kabisa. Wenzetu hao hawakukosa akili. Kengele ilinyamaza, na nyumbani hapakuwa na kitu cha kuishika nafasi yake.

Mfano bora wa utaratibu nchini mwetu ni mkimbiaji Eliud Kipchoge. Kwa miaka mingi amefanya mazoezi katika kambi ya Kaptagat, karibu na Eldoret, chini ya kocha mmoja, Patrick Sang, ambaye naye alishinda nishani ya fedha katika Olimpiki ya Barcelona mwaka wa 1992. Jumanne ni mbio za uwanjani, Alhamisi ni mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi ni mbio za kubadilisha kasi. Kila zoezi huandikwa katika daftari. Hata baada ya kuwa tajiri na maarufu duniani, kambini alikuwa akishika zamu ya kufagia na kuosha choo kama wenzake. Sisi tukipewa zamu ya kufagia darasa tunasingizia kichwa kinauma!

Lakini msomaji, hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni. Kipchoge huyohuyo mwenye utaratibu wa chuma ndiye aliyevunja mazoea makubwa. Mwaka wa 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris. Akapata shaba Athens mwaka wa 2004 na fedha Beijing mwaka wa 2008. Kisha mwaka wa 2012 akakosa nafasi katika timu ya Kenya ya kwenda Olimpiki ya London. Angeweza kung'ang'ania mita 5,000 kwa vile ndizo alizozizoea. Badala yake alihamia barabarani. Aprili 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza kule Hamburg na kushinda kwa saa 2:05:30. Yaliyofuata tunayajua: dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 2016 kule Rio, dhahabu nyingine katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021, na saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, ingawa hizo za Vienna hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa jinsi mbio zenyewe zilivyoandaliwa.

Je, alibadilisha nini na alihifadhi nini? Alibadilisha mbio. Kocha hakumbadilisha, kambi hakuihama, na daftari hakulitupa. Aliikata pingu akaiacha nguzo imesimama. Huo ndio moyo wa makala haya.

MAZOEA YALIYO PINGU

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Mwezi wa Februari mwaka wa 2014, wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi jijini London waligoma kwa siku mbili. Vituo vingi vilifungwa, na watu wakalazimika kutafuta njia nyingine za kufika kazini. Mgomo ulipokwisha, wataalamu watatu wa uchumi walichunguza tiketi za abiria. Waligundua kwamba abiria 5 hivi katika kila 100 hawakurudi tena kwenye njia yao ya zamani. Kumbe kwa miaka walikuwa wakipita njia mbaya na hawajui! Hakuna aliyewazuia kujaribu nyingine. Kilichowazuia ni kwamba ya kwanza ilikuwa "inatosha".

Mgomo ule uliwafaidi wale watano. Hata hapa kwetu mvua kubwa ikifunika kivuko, mtu hupita kwa jirani na kugundua njia ya mkato. Lakini je, ni lazima tungoje mafuriko ndipo tufikiri?

Mwaka huohuo wa 2014, London hiyohiyo ilitufunza somo jingine, na hili lilituuma hapa Meru. Kila mtu wa Tigania na Igembe anajua jinsi kazi ya miraa inavyokwenda. Nguvu ya miraa hupungua siku mbili tatu baada ya kuchumwa, kwa hivyo kazi yote ina saa yake. Inachumwa mapema, inafungwa vitita, inafunikwa kwa majani ya mgomba isikauke, na mchana magari yanakimbia kwenda Nairobi. Huo ni utaratibu wa kupendeza, na ndio uliolipia karo ya wengi wanaosoma gazeti hili. Lakini ndani ya utaratibu huo mzuri mlikuwa na zoea baya: kutegemea zao moja na soko chache. Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwaka wa 2013. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza nayo ikafunga mlango. Wafanyabiashara wakaegemea Somalia. Machi 2020 Somalia nayo ikafunga wakati wa korona, na haikufungua hadi Julai 2022.

Mlango ulipofungwa, aliyekuwa na miraa peke yake alibaki akiitazama mitini. Aliyekuwa na maharagwe, kahawa, parachichi au ng'ombe wa maziwa alitikisika, lakini hakuanguka. Ajabu ni kwamba hili halikuwa jambo jipya. Wazee wetu wa Nyambene walipanda miraa pamoja na viazi vikuu, maharagwe na mimea mingine katika shamba lilelile. Sisi ndio tuliozoea pesa za haraka tukasahau desturi nzuri. Kwa hivyo, kutoka katika zoea baya wakati mwingine si kukimbilia mambo mapya, bali ni kurudi kuokota nguzo tuliyoiangusha njiani.

Tena kuna jambo ambalo lazima niliandike, hata kama wengine watanuna. Kuna wavulana wanaoanza kuchuma miraa Jumamosi ili wapate pesa za kalamu na sabuni. Hakuna ubaya, kazi ni kazi. Muhula unaofuata wanachuma na Ijumaa, kwa sababu Ijumaa "hakuna masomo magumu". Halafu Alhamisi. Hakuna siku hata moja ambayo kijana aliketi akaamua, "Leo naacha shule." Mnyororo ulimvuta kiungo baada ya kiungo: ishara ni mfuko mtupu, kitendo ni kupanda mti, tuzo ni noti mkononi jioni hiyohiyo. Shule nayo tuzo yake iko mbali, miaka minne au zaidi. Ubongo hupenda tuzo ya karibu. Tukimwona mwenzetu ameanza kukosa Ijumaa, tusimcheke. Tumwendee mapema kabla ya Alhamisi.

Pingu nyingine ziko hapahapa darasani. Mbona wanaoinua mikono ni walewale kila siku? Mbona wakati wa majaribio ya maabara wavulana hushika vifaa na wasichana huandika matokeo? Hakuna kanuni ya shule inayosema hivyo. Ilitokea siku moja, ikatokea ya pili, na sasa imekuwa kama sheria ya Musa. Msichana huyo atakapofika kwenye mtihani wa vitendo, hatakuwapo mvulana wa kumshikia pipeti.

Na kwa vile hili ni gazeti la Chama cha Kiswahili, nisipotaja insha nitakuwa nimependelea. Insha zetu nyingi huanza asubuhi. Jua linachomoza mashariki, ndege wanaimba, majogoo wanawika, nami naamka kwa furaha kama kibogoyo aliyeota meno. Baadaye kuna ajali, watu wanalia, kumbe ilikuwa ndoto! Fikiria mwalimu mwenye rundo la madaftari hamsini, na katika yote hamsini jua linachomoza. Misemo tuliyokariri ni mali, siikatai. Lakini msemo hufaa pale unapobeba maana, kama chumvi inavyofaa kwenye githeri. Sufuria ya chumvi tupu nani ataila? Hapa nguzo ni kupanga aya, kuzingatia mada, kuangalia tahajia na kuacha dakika tano za kusahihisha. Pingu ni kuandika asubuhi ileile tangu darasa la sita.

TUTAYATOFAUTISHAJE?

Kwa maoni yangu, kila zoea lifikishwe mahakamani na kuulizwa maswali matatu.

Swali la kwanza: ulikuja kwa sababu gani, na sababu hiyo ingali hai? Mama anapochemsha maji ya kunywa kila jioni, sababu ingali hai, kwa kuwa magonjwa ya tumbo hayajahama. Lakini mwanafunzi anayenakili maelezo yote ya kitabu kwenye daftari kwa sababu zamani walikuwa wakitumia kitabu kimoja watu sita, na sasa anacho chake, huyo anatumikia sababu iliyokufa.

Swali la pili: ukiondolewa leo, ni nini kitaharibika? Ukiacha kulala mapema, kesho utasinzia katika hesabu. Hilo ni jibu la wazi. Ukiacha kuketi na marafiki walewale kila jioni mkisimulia habari zilezile za mpira, nini kitaharibika? Kama huna jibu, hiyo ni pingu.

Swali la tatu: unanipa nafasi au unaninyima? Mazoea mema huokoa muda na nguvu ili ufanye jambo kubwa. Mazoea mabaya hula muda huo na kukuachia uchovu.

TUTATOKAJE?

Kwanza kabisa, usivunje yote kwa siku moja. Tunawajua wenzetu ambao kila Januari huandika ratiba ya kuamka saa tisa usiku, kukimbia, kusoma masomo manane na kuosha nyombo zote. Kufikia Februari ratiba imekuwa karatasi ya kuwashia moto. Badilisha kiungo kimoja tu. Ishara iache, tuzo iache, badilisha kitendo cha katikati. Kama ukitoka shule huwa unapumzika kwa kuketi dukani saa nzima, endelea kupumzika, ila pumzika kwa kumweleza mwenzako njiani yale mliyofunzwa leo. Utafika nyumbani umeshasoma bila kufungua kitabu.

Pili, funga jipya kwenye mgongo wa la zamani. Kazi za nyumbani hazikosi, basi zitumie ziwe kengele. "Nikimaliza kukama, maswali matano ya hesabu." "Nikishateleka githeri, ukurasa mmoja wa fasihi." Githeri huchukua muda kuiva, wote tunajua!

Tatu, kuwa na subira. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake katika chuo kimoja cha London waliwafuata watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga zoea jipya dogo, kama kula tunda au kufanya mazoezi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2009. Kwa wastani zoea lilichukua siku 66 kukomaa, lakini mwingine angepata kwa siku 18 na mwingine angehitaji 254. Siku 66 ni wiki tisa na siku tatu. Yaani ukianza siku ya kufungua shule, muhula hauishi kabla zoea halijakomaa. Jambo jingine la kutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Kwa hivyo ukishindwa Jumanne kwa sababu ng'ombe alipotea, rudi Jumatano. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nne, badilisha namna ya kusoma. Wengi tumezoea kusoma maelezo yaleyale mara tano hadi yanakuwa kama wimbo, kisha tunajidanganya kwamba tumeyajua. Mwaka wa 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliofunga kitabu na kujijaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wa taifa hauji baada ya dakika tano. Kwa hivyo soma, funga kitabu, andika unachokumbuka, kisha fungua uone ulichosahau. Utaumia kidogo, lakini mchumia juani hulia kivulini.

Tano, wakati mwingine badilisha mahali. Mwaka wa 1978 wataalamu Smith, Glenberg na Bjork waliwapa watu maneno ya kusoma mara mbili. Waliosoma katika vyumba viwili tofauti walikumbuka zaidi kuliko waliosoma katika chumba kimoja. Sisi wa kutwa tumebahatika hapo, tuna chini ya mwembe, tuna jikoni, tuna darasani na tuna njiani. Saa ya kusoma iwe ileile, lakini mahali pabadilike.

Mwisho, fanya ukaguzi kila muhula. Serikali hukagua shule, kwa nini wewe usijikague? Andika mambo kumi unayoyafanya kila siku, uyaulize maswali yale matatu, uchague moja la kuacha na moja la kulinda. Mawili yanatosha.

HITIMISHO

Wanafunzi wenzangu wa Kidato cha Tatu, sisi tuna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka wa 1985, na sisi ndio tulioufanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka wa 2023. Nyuma yetu katika mfumo huu hakuna mtu. Wadogo zetu wanasoma kwa mtaala mwingine, na walimu wetu walewale wanajifunza njia mpya wakiwa na miaka mingi ya chaki. Nimewaona wakifanya hivyo bila kuacha kusahihisha daftari zetu kwa wakati. Walimu wetu watukufu, mkidhani hatuoni, tunaona.

Kwa sisi tulio mkiani, hatuna haja ya kuuogopa mwisho wa mfumo. Kuamka mapema hakumo katika 8-4-4, wala kuandika vizuri, wala kusahihisha kazi kabla ya kuipeleka, wala kumsaidia mama kabla ya kushika kitabu. Nguzo hizo tutaondoka nazo hata mfumo ukiitwa jina lingine. Punda alizoea njia ya majini, na siku ya soko kamba humwelekeza mtu mwingine. Sisi kamba tumeshikilia wenyewe. Basi kila mmoja atazame iko upande gani, na nawatakia wote kila la heri katika masomo na mitihani.